Ajira ya Mgodini: Kazi Ipi Inabaki, Kazi Ipi Inasafiri?

Katika mikutano ya hadhara wilayani Ngara na Biharamulo hakuna neno linalopigiwa makofi kuliko neno ajira. Mwekezaji akitaja mgodi hutaja ajira. Kada akisimama kumkaribisha, naye hutaja ajira. Na wananchi, ambao ndio watakaotoa ardhi, hurudi nyumbani wamekwisha kuhesabiwa kazi ambazo hawajaambiwa ni kazi gani, zitafanyika wapi, wala zitafanywa na nani. Makala haya yanalikosoa neno hilo. Hayapingi mgodi. Yanapinga uvivu wa fikra unaotufanya tudhani kwamba kila kazi itokanayo na mali yetu ni kazi itakayobaki kwetu.

Wafanyakazi wa nchi za kibepari zilizoendelea wanalijua suala hili kwa sura nyingine. Huko Marekani mwenye kiwanda huona kwamba mshahara wa Mexico au wa China ni mdogo, hufunga kiwanda na kupeleka kazi ng'ambo, na mji uliojengwa na jasho la wafanyakazi hubaki na majengo matupu. Kwetu kiwanda hakihamishwi, kwa sababu hakikuwahi kujengwa. Kinachohamishwa ni kazi iliyomo ndani ya jiwe: kazi ya kuyeyusha, ya kusafisha, ya kupima katika maabara, ya kuunda mashine zinazofanya hayo yote. Jiwe likipanda meli kabla ya kusafishwa, kazi hiyo imepanda nayo. Enzi za ukoloni kijana wa Bugufi alikwenda kwa miguu hadi Uganda kutafuta kibarua mashambani; yeye aliifuata kazi. Mjukuu wake anaona kazi ikipita mbele ya mlango wake juu ya lori.

Biharamulo ilipata somo hili mapema. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na ilipofika mwaka 2013 wenye mgodi, kampuni ya kigeni, walikuwa wanaufunga. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliuchukua, na ndio ukaitwa STAMIGOLD. Miaka minane tu! Muda huo hautoshi hata mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku mgodi ulipofunguliwa kufika kidato cha nne. Dhahabu ya migodi mikubwa ilitoka nchini ikiwa tofali ambalo halijasafishwa, na ufundi wa kuisafisha ukabaki kwa wengine. Kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Mwanza, ambacho STAMICO ina hisa ndani yake, kilizinduliwa Juni 2021, yaani baada ya wenye Tulawaka kuondoka. Kwa hiyo si kweli kwamba Biharamulo haikupewa ajira. Ilipewa zile zinazokwisha pamoja na shimo.

Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 yakakamatwa bandarini Dar es Salaam. Msimamo ule ulikuwa sahihi kwa misingi yake, na sheria za mwaka huo kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili zikauwekea nguzo. Lakini kada mkweli hawezi kuishia kwenye sifa. Nchi haikuwa na kinu cha kuyeyushia mchanga ule, kwa hiyo kuzuia usafirishaji peke yake hakukuirudisha kazi. Bulyanhulu ilipunguza shughuli Septemba mwaka huohuo, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Walikuwa wafanyakazi wetu. Mapambano na ubeberu yasiyotayarisha zana za uzalishaji huanza kulipwa na tabaka lilelile tunalosema tunalipigania.

Sasa tuje Ngara. Nikeli ya Kabanga ilitafitiwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Tangu hapo imekuwa mali ya makaratasi: Sutton Resources, kisha Barrick mwaka 1999, kisha Falconbridge, Xstrata na Glencore, kila mmoja akishika leseni huku jiwe likiwa palepale ardhini. Leseni ya kuhodhi ilifutwa mwaka 2018. Januari 2021 ukasainiwa mkataba uliounda kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16 na mbia wa kigeni asilimia 84, na ikaelezwa kwamba nikeli itasafishwa Kahama.

Hapo ndipo makofi yalipotufumba macho. Asilimia 16 tumeikariri kama dua. Lakini hisa ni haki juu ya faida. Haimfundishi mtu kazi, na faida yenyewe huhesabiwa baada ya gharama kutolewa. Kuhusu kiwanda, kupanga kukijenga nchini ni hatua kubwa mbele, nami nasema hivyo bila kusita. Hata hivyo Kahama iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kabanga. Mkulima wa Ngara anayehama kupisha mgodi anaacha kibanja chenye migomba na kahawa, na kibanja kile kilikuwa kazi: ya mume, ya mke, ya watoto, kwa mwaka mzima na bila barua ya ajira. Kazi hiyo inakufa siku ile anapohama. Fidia hulipa mali, kazi hailipwi. Na iwapo mgodi utaanza kusafirisha makinikia nje kabla kiwanda cha Kahama hakijasimama, kwa ahadi kwamba kitafuata, tutakuwa tumerudi kwenye makontena yale ya 2017, safari hii na saini yetu.

Wapo wanaosema tuige Indonesia, iliyozuia kuuza nje nikeli ghafi tangu Januari 2020 na kupata vinu vingi. Tuige, lakini tuangalie vizuri. Vinu vya Morowali vimejengwa zaidi kwa mitaji ya China, na mlipuko wa Desemba 2023 katika kimojawapo uliua watu 21, Waindonesia na Wachina. Upande wa pili wa bahari, nikeli nyingi ya Indonesia iliposhusha bei, kampuni ya BHP ilisimamisha shughuli zake za Australia Magharibi, migodi, kinu na kiwanda cha kusafishia, Oktoba 2024. BHP hiyohiyo ilikuwa na hisa katika mradi wa Kabanga hadi ilipojitoa mwaka 2025. Mfanyakazi wa Kwinana hakunyang'anywa kazi na mfanyakazi wa Morowali. Wote wawili waliandikwa katika daftari moja la bei, na daftari hilo sasa lina ukurasa wa Ngara.

Mwongozo wa 1971 ulimtaka kiongozi awasikilize watu na asiwaamrishe. Kwa maana hiyo kada wa Ngara asipeleke kijijini idadi ya ajira. Apeleke maelezo ya kila hatua ya kazi: nani atachimba, nani atakuwa chini ya mkandarasi wa muda, nani ataendesha mtambo, maabara itakuwa wapi. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini zinaitaka kampuni iwasilishe mpango wa kuajiri na kufundisha. Mpango huo usomwe kwa Kiswahili mbele ya halmashauri ya kijiji, na vijana wa kaya zinazohamishwa waanze masomo ya ufundi VETA kabla ya lori la kwanza, si baada yake. Watakaosema hilo litachelewesha mradi wakumbushwe kwamba nikeli hii imesubiri tangu miaka ya 1970, na aliyeichelewesha muda wote huo hakuwa mkulima wa Ngara.