Hongera WAVIU Washauri wa Tabora

Kadi ya kliniki haina miguu. Anayemfuata aliyekosa tarehe yake ni mtu, na mkoani Tabora mara nyingi ni mmoja wa WAVIU washauri: anaishi na virusi vya UKIMWI, anameza dawa zilezile, na amekubali kulisema hilo mbele ya mgeni aliyepokea majibu asubuhi hiyo.

Mganga ataeleza namna dawa inavyofubaza virusi. Mshauri anajua mengine: kufunga pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie ndani ya basi, na maneno ya kuanza nayo unapomwambia mume.

Dawa hizi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kuzimeza kila siku ndiyo kazi, na Tabora ina ugumu wake. Mlina asali wa Sikonge huingia porini kwa wiki kadhaa. Kibarua wa tumbaku huhamia Urambo au Kaliua kufuata msimu. Zamani, misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji iliyopita Tabora ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia kwa kuwa njia alishaipita. Mshauri naye ndivyo: humhimiza mlina asali achukue dozi ya kutosha kabla ya kwenda mizingani, kibarua humpigia simu, asipopatikana humfuata kwa baiskeli. Akifika hataji kliniki mbele za watu. Huuliza habari za shamba kwanza.

Malipo? Posho ndogo, tena ya mradi. Mradi ukifungwa, nayo hukatika. Hapo pongezi zangu huchanganyika na hasira. Mlinzi wa geti ana mshahara, huyu hana?