Mavyaa Wawili wa Mao Doudou Katika Mabaraza ya Mpanda

Tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ambayo TBC1 ilianza kuirusha kwa Kiswahili mwishoni mwa mwaka 2011, aghalabu hutajwa kama jambo la siasa kuliko kama kazi ya sanaa, kwa sababu Rais Xi Jinping wa China aliikumbuka katika hotuba aliyoitoa Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, mbele ya hadhira ya Ukumbi wa Kimataifa wa Julius Nyerere, akasema kwamba kwayo Watanzania wameonja matamu na machungu ya jamaa za kawaida za nchi yake. Tangu hapo waandishi wengi wameridhika na kauli hiyo, wala hawakuuliza swali ambalo fundi wa kazi yoyote angeliuliza kabla ya mengine yote: ilitengenezwaje hata mkaza mwana wa Beijing, asiyejua shikamoo wala mahari ya ng'ombe, akapata mawakili na mahasimu mjini Mpanda, wakimtetea na kumshitaki kama binti wa jirani yao? Rai yangu ni kwamba jawabu halimo katika kisa peke yake. Limo zaidi katika kazi ya watia sauti, ambao kwa kila sentensi waliyomvika mwanamke huyo walitoa, kwa kujua au pasipo kujua, ushahidi ambao watazamaji waliutumia kumhukumu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Sehemu zake ni 36, mwelekezi wake ni Liu Jiang, na Wachina waliitazama kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Doudou, anayeigizwa na Hai Qing, ni muuguzi. Mumewe Yu Wei, anayeigizwa na Huang Haibo, ni mpiga picha wa studio. Na kwa kuolewa naye binti huyu anajitwalia mavyaa wawili kwa mpigo mmoja, kwa kuwa wazazi wa Yu Wei waliachana na baba akaoa tena, hivyo yupo Cao Xinmei aliyemzaa mume, na yupo Yao Jing, mama wa kambo. Yupo na wifi, Yu Hao, mwenye kisirani cha kutosha nyumba tatu. Hakuna maiti iliyofichwa, hakuna mapacha waliopotezana utotoni, hakuna wasia uliochomwa moto. Vita vyote ni vya nani aliambiwa habari kwanza na nani alizisikia pembeni, nani alitembelewa na nani alisahauliwa. Katika mchezo wa namna hii mtazamaji hana siri kubwa ya kufumbua. Anachokisia ni tabia, na mwenye kutaka kukisia mtu atafanya nini kesho hana budi kuamua kwanza leo kwamba mtu huyo ni wa namna gani. Ndiyo sababu mabishano yake hufanana na ya baraza la usuluhishi kuliko ya wapelelezi.

Kazi ya kuitia Kiswahili ilifanywa na idhaa ya Kiswahili ya Radio China Kimataifa, ambayo imekuwa ikizungumza na watu wetu tangu mwaka 1961, enzi ilipokuwa ikiitwa Radio Peking. Utaratibu wa kazi hiyo haubadiliki sana popote inapofanywa. Sauti za waigizaji huondolewa, ukabakizwa muziki pamoja na milio ya vyombo, milango na magari, maneno hutafsiriwa, tafsiri hupimwa kwa nukta za saa dhidi ya midomo ya wenye sura, ndipo wasemaji huingia chumba cha sauti, aghalabu mmoja mmoja, wakasema huku wakiitazama picha, na mwisho yote huchanganywa. Pagumu ni pale katikati, penye kupima. Silabi ya Kichina ni mzigo mzima wa maana, na muuguzi mwenye hasira aweza kumwaga silabi 12 kwa pumzi moja akawa ameeleza kosa, sababu ya kosa, na dhihaka juu yake. Kiswahili, ambacho humfunga mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja kirefu, kinapokuwa bado katikati ya safari kinakuta mdomo wa Hai Qing umekwisha kufumba. Kamera ikimwonyesha kisogo, mfasiri hupata nafasi ya kuendelea kusema. Uso ukijaa kioo, hana budi kukata.

Na hakati kwa kubahatisha. Kiini cha habari lazima kibaki, maana pasipo hicho kisa hakisogei. Basi kinachotupwa ni vilainisho, yaani samahani, tafadhali, nadhani, labda, na ule utani mdogo unaotangulia lawama ili lawama isiume. Mkaza mwana anayenyimwa vilainisho hivyo hutoka upande wa pili akiwa mkavu kuliko alivyoingia. Nimewasikia Mpanda watu wazima wakisema kwamba Doudou ana mdomo, na kwamba mwanamke mwenye mdomo hudumu kwa mume lakini hadumu kwa wakwe. Nami nashuku kwamba nusu ya mdomo huo ni wa mkasi.

Lakini mkasi kazi yake ni kuondoa tu, ilhali lugha nayo huongeza, tena huongeza pale ambapo mwandishi wa asili hakutia kitu. Kichina kina staha zake, pamoja na majina ya nasaba yanayomshinda mgeni kuyahesabu, bali staha hizo hazikukaa mahali pale pale zilipokaa zetu. Mkaza mwana akiingia sebuleni kwa mavyaa, katika picha, aweza kuanza na habari iliyomleta, na Mchina asione ajabu. Mtazamaji wa Kiswahili anangoja shikamoo, na isiposikika ameshaandika kosa la kwanza. Mtia sauti hana njia iliyo safi hapo. Akiipachika shikamoo ambayo midomo haikuitamka, anawafanya mabibi wa Beijing waitikie marahaba. Asipoipachika, anamtoa binti wa watu kuwa fidhuli. Akitafuta salamu ya wastani, anawakera wazee wote kwa insafu. Uzito huzidi penye mama wawili. Kwetu mke humwita mzazi wa mumewe mama, na jina hilo halimbagui aliyezaa na aliyeolewa baadaye, hata baraza linaposikia wote wawili wakiitwa hivyo huhamisha masikio yake kutoka katika neno na kuyatega katika pumzi: yupi ameitwa kwa kuvuta, yupi kwa haraka, yupi kwa sauti inayoshuka mwishoni kama ya mtu anayeweka mzigo chini. Juu ya silabi mbili hizo nimesikia nadharia nzima zikijengwa, moja ikidai kwamba moyo wa Doudou umekwenda kwa mama wa kambo kwa kuwa huyo hana haki ya kumdai mjukuu, nyingine ikidai kwamba unyenyekevu wake mbele ya Xinmei ni hila ya mtu anayepima ukuta kabla ya kuupanda. Aliyezisema silabi zile ndani ya chumba cha sauti yamkini alikuwa akikimbizana na picha tu.

Mpanda palikuwa na kila sababu ya kubishana vizuri. Mji huu uliokuzwa na madini ya risasi na reli iliyoletwa kutoka Kaliua kuyafuata, ambao tamthilia ilipoanza ulikuwa bado wa Mkoa wa Rukwa na mwaka 2012 ukawa makao ya Mkoa mpya wa Katavi, una Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Wafipa, una Wasukuma waliofuata malisho pamoja na mifugo yao, na kando yake Katumba na Mishamo zina watu ambao asili yao ni Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na vizazi vyao. Kila jamaa ina sheria yake ya ukwe, na sheria hizo zilikuwa hazijawahi kuletwa mbele ya kesi moja. Aliyelelewa kwamba mkwe hupishwa njia wala hatazamwi usoni aliona kule kula meza moja tu ni fedheha, akawa hana haja ya kungoja ugomvi. Aliyezoea kuhesabu mahari kwa ng'ombe aliuliza ukoo wa Yu umetoa nini hata udai utumishi wote huo, na alipokosa jawabu akahukumu kwamba mke hana deni la mtu. Mwandishi wa kisa hakuliandika swali hilo, wala hakulijibu, na huo ndio uzuri wake.

Fauka ya hayo palikuwa na umeme. Miaka ile Mpanda ilikuwa mbali na gridi ya taifa, ikiwashiwa taa na jenereta za mafuta, na umeme wake ulikuwa na desturi ya kuondoka wakati ambapo mavyaa ameinua kikombe na bado hajasema. Hapo ndipo hufaa ufundi mmoja wa waandishi wa tamthilia za jamaa, ambao haukubuniwa kwa ajili ya Katavi lakini uliifaa Katavi kuliko Beijing: jambo huonyeshwa mara moja na kusimuliwa mara nyingi. Mke akikosana na mavyaa, mume atasimuliwa na mkewe, wifi atasimuliwa na mama, wazazi wa mke watasikia toleo jingine, na kila msimulizi atatia chumvi yake. Aliyeona tukio anajua nani ameongeza na nani amepunguza. Aliyekatikiwa na umeme ana masimulizi tu, na kwa kuwa masimulizi yote yana kasoro analazimika kulijenga tukio upya kwa akili yake. Wawili hao wakikutana kesho yake dukani hapana suluhu, maana mmoja anatetea alichokiona na mwenzake anatetea alichokitunga, na aliyetunga aghalabu ndiye hodari wa kusema.

Ufundi wa kuwagawa wasikilizaji, hata hivyo, haukuja na Wachina. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, uliojengwa kwa kanuni za Miguel Sabido wa Meksiko, aliyefundisha kwamba mchezo uwe na watu wema na watu waovu, na baina yao wawepo wanaoyumba, kwa maana hao ndio wasikilizaji watakaofuatana nao. Kwa miaka miwili ya kwanza kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Habari hiyo ni maarufu kwa watu wa takwimu, lakini kwa mtu wa michezo somo ni lile la anayeyumba. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hakuwa fumbo kwa mtu. Aliyekisiwa ni Tunu mkewe, atavumilia hadi lini. Kwa Doudou anayeyumba ni Yu Wei. Husikiliza pande zote, hukubali pande zote, huficha hapa ili kutuliza kule, na kwa kuwa matendo yake ni machache sauti yake hubeba yasiyotendwa: mtia sauti akimpa sauti nyepesi, baraza linasema huyu ni mume bwege, akimpa sauti nzito ya kujizuia, baraza lile lile linasema ni mwenye hekima anayengoja wakati wake. Picha ni ile ile. Sijui kazi nyingine ambayo mtu asiyeonekana hupewa mamlaka makubwa namna hiyo juu ya sifa ya mtu anayeonekana.

Anayetaka kuona nadharia ya mtazamaji ikiuawa kabla haijazaliwa aende kibanda umiza, akasikilize filamu ya kigeni iliyosimuliwa kwa mtindo uliotukuzwa na Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Sauti ni moja kwa watu wote. Inatafsiri, inafafanua, inacheka, inawapa wageni majina ya kwetu, na mnafiki anapobisha hodi imekwisha kuwaambia watu wamtazame mnafiki. Ni sanaa kubwa, wala siidharau, lakini ni sanaa ya mwenye kujua kuwagawia wasiojua. Katika tamthilia ya Doudou hapana msimulizi. Kila mtu anajisemea, na mwenye kujisemea anaweza kusema uongo.

Kasoro za kazi za namna hii ninazijua, wala sitazirefusha. Sauti zilizorekodiwa chumbani hukaa umbali mmoja na sikio, awe msemaji yuko jikoni, barabarani, au wodini penye mwangwi. Vilio ndivyo vibaya zaidi: kwikwi ni ngumu kuigiza mbele ya kipaza sauti, na ikibakizwa ya mwigizaji wa asili, mtu mmoja huanza kulia na mwingine humaliza.

Mwaka 2016 StarTimes, kampuni ya Kichina iliyokuwa na ubia na TBC katika ving'amuzi, iliendesha shindano la vipaji vya kuingiza sauti, na washindi walipelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Tangu hapo tamthilia zimeongezeka upesi kuliko sauti, na katika uchache huo wa sauti watazamaji wamepata elimu mpya ya kukisia, ambayo hakuna mwandishi aliyeitarajia. Sauti iliyomsemea tapeli katika kisa kilichokwisha inamsemea daktari mpole katika kisa kilichoanza, na mtu wa Mpanda, asiyejua jina wala sura ya mwenye sauti hiyo, anamwonya jirani yake asimwamini daktari. Aghalabu hukosea. Lakini mwelekezi mwenye akili angeweza kulitumia kosa hilo kwa makusudi, akamkabidhi mtu mwema wa kisa kipya sauti ya muovu wa kisa kilichopita, watu wakamshuku sehemu 20 nzima bila yeye kuongeza hata sentensi moja ya fitina. Sijamwona bado aliyethubutu.