Sanaa ya Kuchelewesha Ngumi

Waandishi wenzangu, leo naomba tuwaweke pembeni kidogo washairi na mabingwa wa riwaya, twende ulingoni. Najua wapo watakaoguna: mieleka ya Kimarekani nayo ni fasihi? Ile ya majitu yaliyojipaka mafuta? Ndiyo, hiyohiyo. Na msiniambie kwamba mshindi anapangwa kabla ya kengele kulia. Kampuni ya WWF yenyewe iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey mwaka 1989 kwamba kazi yake ni burudani, si mashindano ya kweli. Watu hawakuacha kutazama. Kwani nani kaacha kusoma riwaya eti kwa kuwa mwandishi anajua mwisho wake?

Swali langu ni la ufundi. Ugomvi wa watu wawili unabebwaje mwaka mzima, wiki baada ya wiki, na mtazamaji asichoke? Nauliza kwa sababu hadithi nyingi tunazoandika sisi vijana zinakufa kwa ugonjwa mmoja, nao ni haraka. Aya ya kwanza Juma na Hamisi ni marafiki wa kufa na kuzikana. Aya ya tatu Hamisi kamchukua mchumba wa Juma. Aya ya tano panga limechomolewa. Aya ya saba Juma yuko rumande, anajuta. Jamani! Msomaji hajaijua hata sura ya Hamisi, tayari keshamzika.

Sasa tazama walivyofanya wenzetu na Hulk Hogan na Randy Savage. Tarehe 27 Machi 1988, mjini Atlantic City, Savage alitwaa ubingwa wa WWF katika WrestleMania ya nne. Hogan alimsaidia kwa kumchapa kiti Ted DiBiase, kisha wote wawili wakashangilia ulingoni pamoja na Elizabeth, meneja wa Savage, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa mkewe. Hapo hakuna ugomvi. Kuna urafiki tu, na urafiki huo ukapewa jina, Mega Powers, ukapewa na muda wa kupendwa.

Agosti mwaka huo wakawashinda DiBiase na Andre the Giant. Katika kushangilia, Hogan akamkumbatia Elizabeth, na Savage akatupa jicho. Jicho tu, bwana! Hakusema kitu. Januari 1989, katika Royal Rumble, Hogan akamrusha nje mpinzani na Savage akatoka naye palepale. Wakataka kushikana mashati, Elizabeth akaingia kati, wakapeana mikono. Tarehe 3 Februari Savage akatupwa nje ya ulingo, akamwangukia Elizabeth. Hogan akaliacha pambano, akambeba mama wa watu mpaka chumba cha matibabu, huku mwenzake akisulubiwa peke yake na majitu mawili. Hogan aliporudi, Savage akamzaba kibao na kuondoka. Baadaye, mlemle chumba cha matibabu, ndipo alipomshambulia. Pambano lenyewe la wawili hao likaja tarehe 2 Aprili, na Hogan akashinda.

Hesabu mwenyewe. Kutoka ile furaha mpaka kile kibao ni zaidi ya miezi kumi. Lakini uzuri hauko kwenye urefu peke yake. Angalia kwamba kila hatua ilibadilisha kitu kisichoweza kurudi kilivyokuwa. Kumbatio lilizaa jicho, na jicho likafanya ile ajali ya Januari isionekane ajali. Ajali ikaifanya huruma ya Februari ionekane wizi. Ondoa hatua moja, ngazi inavunjika.

Angalia pia kwamba Savage hakuwa mwendawazimu. Sisi tuliolelewa na mabanda ya video tunagawa dunia mara mbili: steringi na adui, na steringi hafi. Hapa steringi alikuwa Hogan, hakuna ubishi. Lakini uliza kijiweni: mwanamume anayemkumbatia mke wa rafiki yake kila wakishinda, hana lake jambo? Savage alikuwa na haki kiasi, ila aliitumia vibaya. Adui wa namna hiyo hachoshi, kwa sababu mtazamaji anabishana naye kichwani hata televisheni ikizimwa.

Subira hiyo ilikuwa na sababu zake za biashara. Wakati ule maonyesho makubwa yalikuwa machache kwa mwaka, kwa hiyo ugomvi ulikuwa na nafasi ya kuiva. Kufikia katikati ya miaka ya tisini kila mwezi ulikuwa na onyesho lake la kulipia, na kampuni mbili, WWF na WCW, zilikuwa zikigombea watazamaji usiku uleule wa Jumatatu. Ukitakiwa kuuza pambano kila mwezi, utawagombanisha watu Jumatatu na kuwapatanisha Ijumaa. Kalenda nayo ni mtunzi. Anayeandika hadithi ya mfululizo gazetini atanielewa.

Hata katika vita ile, WCW waliwahi kuonyesha subira kubwa kuliko zote. Julai 1996 Hogan aligeuka adui na kuunda kundi la nWo. Sting, ambaye hata wenzake walimshuku kuwa msaliti, akanyamaza. Akajipaka uso rangi nyeusi na nyeupe, akawa anaangalia kutoka kwenye paa la ukumbi, rungu la besiboli mkononi. Zaidi ya mwaka hakupigana pambano hata moja. Watu walimngojea kama mvua ya vuli.

Mvua ikaja tarehe 28 Desemba 1997, na ilinyesha matope. Refa alitakiwa kuhesabu haraka kwa hila ili Hogan apewe ushindi wa dhuluma, kisha Bret Hart aingie kutengeneza haki. Lakini hesabu ile ilionekana ya kasi ya kawaida. Ukumbi mzima ukamwona Sting kabanwa chini mara tatu, kihalali kabisa. Pambano likaanzishwa upya, Sting akapewa ushindi, na siku chache baadaye mkanda ukatangazwa hauna mwenyewe. Miezi kumi na tano ya kimya, halafu mwisho unaohitaji maelezo!

Hapa ndipo natofautiana na wanaosema kuchelewesha ndiyo siri yote. Kuchelewesha ni kukopa. Kila wiki unayomnyima mtazamaji ngumi, unaandika deni, na deni la mwaka halilipwi kwa sarafu za vumbi. Msomaji atakuvumilia kurasa mia mbili, lakini ukurasa wa mwisho usimletee refa wa kubishana naye.

Walio na intaneti na satelaiti wameona deni likilipwa vizuri zaidi. Roman Reigns alitwaa ubingwa Agosti 2020 akaupoteza Aprili 2024, siku 1,316. Lakini mimi sehemu ninayoisifu si ya mkanda. Ni Sami Zayn, aliyejipendekeza kwa ukoo wa Reigns mwaka 2022 mpaka akampiga rafiki yake Kevin Owens ili aaminiwe. Januari 2023 akapewa kiti ampige Owens tena. Akasita. Kiti kikamshukia Reigns. Pigo moja tu, na ukumbi ulilipuka kwa sababu kusita kule kulikuwa kumejengwa kwa miezi. Mwaka uliofuata, wa Cody Rhodes kushindwa Aprili 2023 kisha kungoja hadi Aprili 2024, naona ulikuwa na wiki nyingi za kurudia maneno yaleyale. Hata hivyo Rhodes aliposhinda, alishinda wazi.

Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujamchomolea Juma lile panga, mpe kwanza jicho. Mpe ajali inayoweza kusameheka, na umpe Hamisi sababu ambayo mama yake angeikubali. Kisha jiulize kila sura: kipi hapa hakiwezi kurudi? Kama hakuna, sura hiyo ni maji ya kuongezea mchuzi, imwage.

Na ngumi ikifika wakati wake, ipige kwelikweli. Mwenye hoja ya kunipinga asisite kuiandika. Ukurasa upo, na mimi nipo.