Kanivali ya Hispania na Kipimo cha Jadi

Sherehe za kanivali nchini Hispania hutangulia Kwaresima, na kwa hiyo tarehe zake hubadilika kila mwaka kufuatana na Pasaka. Anayetaka kuzihudhuria huuliza: ipi ni ya jadi hasa? Mara nyingi hujibiwa kwa kutazama mavazi: kadiri kinyago kinavyoonekana cha kale, ndivyo sherehe inavyohesabiwa kuwa ya jadi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kukihakiki kipimo hicho.

Tuanze na Lantz, kijiji cha Navarra, ambako jitu lililojazwa majani makavu, Miel Otxin, huzungushwa mitaani na kuchomwa moto Jumanne, mkesha wa Jumatano ya Majivu. Sherehe hii ina sura ya kale mno. Hata hivyo, upande wa Franco ulipiga marufuku kanivali mwaka 1937, na ile ya Lantz ilihuishwa mwaka 1964, mwaka ambao Julio Caro Baroja na nduguye Pío waliipiga filamu. Mwaka 1965 Julio alichapisha kitabu chake, El Carnaval, akishikilia kwamba kanivali imekufa. Kitabu hicho ni hazina ya maelezo, lakini hitimisho lake hatuliafiki. Kwake, kanivali ni mtoto wa Kwaresima. Mfungo ukidhoofika, nayo hufa. Kwa maoni yetu, haki ya watu kuwacheka wakubwa ilistahili uzito zaidi.

Ushahidi uko Cádiz. Huko vikundi vya chirigota hutunga nyimbo mpya kila mwaka za kuwakejeli viongozi na hata wenyeji wenyewe. Chini ya Franco nyimbo hizo ziliruhusiwa kurudi kwa jina jingine la sikukuu, zikichujwa na wakaguzi. Kanivali ilirudishiwa jina lake mwaka 1977. Maneno ni mapya, umbo ndilo hurithiwa: pasodoble, kisha cuplé fupi za kuchekesha zenye kiitikio, na mwisho popurrí. Basi, tusiwafundishe wanafunzi kwamba fasihi simulizi ni ya jadi pale tu inapobaki bila kuguswa.

Shindano rasmi katika ukumbi wa Gran Teatro Falla lina ubora wake, ila humfanya mtunzi awalenge waamuzi. Tungemshauri mgeni afike pia vichochoroni, kwa vikundi visivyoshindana, ambako hadhira husimama hatua chache tu kutoka kwa fanani na huondoka utani usiponoga.

Aidha, huko Laza, katika Galicia, wapiga picha huwafuata zaidi peliqueiro, wavaa vinyago wenye kengele kubwa kiunoni. Lakini Jumanne husomwa wosia wa punda: viungo vya mnyama hugawiwa wenyeji kwa beti za kejeli kuhusu mambo waliyoyatenda mwaka mzima. Hata penye vinyago mashuhuri, neno lina nafasi yake.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayepata nafasi ya kwenda huko asiridhike na kamera. Aulize: mwaka huu nani amechekwa, na kwa umbo gani?