Toleo, Ghala na Masijala: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi kutoka Buzebazeba

Rasimu iliyotufikia kutoka kwa ndugu mmoja, mwalimu wa kompyuta katika kata ya Buzebazeba, Kigoma, yafaa isomwe kwa makini na kila mfasiri. Ndugu huyo amekusanya maandishi ya mazungumzo ya wajenzi wa programu ya Git waliokutana Chicago mwezi Septemba 2022, akayafasiri kwa ajili ya wanafunzi wake, na mwishoni akaambatisha orodha ya istilahi alizotumia. Lugha ya tafsiri ni safi. Kasoro zimo katika orodha, nazo si ndogo.

Git iliasisiwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu ya kila badiliko katika maandishi ya programu: nani ameliandika, lini, kwa sababu gani, na maandishi yalikuwaje kabla yake. Mfasiri ameiita kazi hiyo "udhibiti wa matoleo", kama wafanyavyo wengi. Lakini toleo limetokana na kitenzi toa, na kisichotolewa si toleo. Kamusi ina toleo la pili. Rasimu iliyomo mezani mwa mwandishi, hata iandikwe upya mara kumi, bado haijatolewa. Wajenzi wa programu nao hutenga mambo haya mawili: hali ya kazi iliyowekwa katika kumbukumbu, na kazi iliyokamilika ikapelekwa kwa watumiaji. Katika rasimu yote mawili ni "toleo", hata pahala fulani tunaambiwa kwamba toleo moja lina matoleo mengi ndani yake. Mwanafunzi afahamu lipi?

Hasara yake huonekana katika kukusanya maandishi yenyewe. Baada ya mkutano mzungumzaji aghalabu huwa na karatasi zaidi ya moja: ile aliyoisoma ukumbini, ile aliyoisahihisha baada ya maswali, na ile aliyoiridhia ichapwe. Mkusanyaji akiagizwa alete "toleo la mwisho", yamkini atachapa maneno ambayo mwenyewe ameshayafuta. Napendekeza "udhibiti wa mabadiliko" kwa kazi yote, "hali" kwa kila hatua iliyohifadhiwa, na toleo libaki kwa kilichotolewa.

Mahali pa kuhifadhia kazi mfasiri amepaita "ghala". Wakazi wa Kigoma, penye bandari na mwisho wa reli, hawahitaji kufundishwa ghala ni nini: gunia likitoka, ghalani halimo tena. Katika Git mtu huchukua nakala nzima na asili ikabaki palepale. "Hazina", ambayo wengine huipendelea, humpeleka mtumishi wa serikali moja kwa moja kwenye mawazo ya mshahara. Neno tunalo ofisini siku zote, nalo ni masijala. Humo kila barua ina namba yake katika jalada, tarehe yake na mwandishi wake, na haichomolewi kwa sababu imepitwa na wakati.

Tukikubali masijala, tatizo la pili linajitatua. Tendo la kuingiza badiliko katika kumbukumbu limefasiriwa kuwa "kukabidhi". Kukabidhi kwahitaji mpokeaji. Ilhali mjenzi wa Git aweza kufanya tendo hili peke yake, bila mtandao, wala asimpe mtu kitu. Vijana husema "kukomiti", neno linalonuka kamati. Kusajili latosha. Tena lina faida ambayo kukabidhi hakuna: Git huandika kando jina la aliyeandika badiliko na jina la aliyeliingiza, maana huenda wakawa watu wawili. Hao ni mwandishi na msajili. Ile alama ya herufi na tarakimu 40 inayotambulisha kila ingizo yaweza kuitwa namba ya usajili bila kumshangaza karani yeyote.

"Tawi" sina ugomvi nalo, ingawa tawi la mti halirudi shinani, na ya Git hurudi. Aliyeona mikondo ya Malagarasi ikiachana na kukutana tena mabwawani angesema mkondo. Hata hivyo tawi limeshazoeleka. Mabadiliko mawili yanapogusa mstari mmoja, "mgogoro" ni neno zito mno. Mgongano unatosha, kwani hakuna aliyekosana na mwenziwe.

Slaidi iachwe kama ilivyo.