Ubeti wa Mwisho na Leseni Huria: Nani Mwenye Matini ya Pwani ya Kusini?

Tangu mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofikishwa Mombasa, fasihi simulizi ya Kwale imepata hadhira ambayo fanani haioni wala haijui. Ngano iliyosimuliwa Msambweni asubuhi yaweza kusikilizwa Muscat kabla ya magharibi. Ni rahisi kuliona jambo hili kuwa la mafundi wa mitambo tu. Makala haya yanadai kwamba ni jambo la wahakiki pia, kwa kuwa kila matini inayotolewa huria huambatana na matini nyingine, yaani leseni, nayo leseni ina msemaji, hadhira na itikadi yake kama utungo wowote ule.

Leseni za Creative Commons zilitolewa kwanza nchini Marekani mnamo Desemba 2002. Baadhi humruhusu mtu kunakili na kubadili kazi kwa sharti la kumtaja mtunzi. Nyingine huongeza sharti kwamba kazi mpya nayo itolewe kwa masharti yayo hayo. Mwaka 2009 ilifuata CC0, ambayo kwayo mtoaji huziachilia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu, hata haki ya kutajwa. Tukizisoma leseni hizi kama matini, tutaona kwamba msemaji wake ni nafsi moja yenye mali na uwezo wa kuigawa. Hazina kijiji, hazina tukio, wala hazina mpokezi anayejulikana.

Je, fasihi ya Waswahili ilikosa leseni? La hasha. Ilikuwa nayo katika beti za mwisho za utenzi, ambamo mtunzi hujitaja jina, pengine na nasaba au mji wake, akaomba dua, na mara nyingi akawasihi wasomaji wamsahihishe palipo na makosa. Miswada ya hati za Kiarabu ilinakiliwa kwa mkono, na mnakili aliweza kuongeza au kupunguza bila kuitwa mwizi. Lakini uhuru huo ulikuwa na deni ndani yake: deni la jina na deni la dua. Aliyenakili alipokea kazi pamoja na wajibu wake.

Utata unazuka tunapofika kwenye simulizi, ambazo aghalabu hazina ubeti wa namna hiyo. Katika ngoma ya sengenya ya Wadigo, kinachosimama mahali pa saini ni kuwapo kwa watu wenyewe: anayeimba anaonekana, na anayeitikia anamjua. Simu inaponasa wimbo, sauti husafiri na saini hubaki uwanjani. Tena, si kila kilicho cha jamii ni cha kila mtu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hukaribishwa humo, lakini huvaa nguo nyeusi, huongozwa, na hafiki kila mahali. Huo ni uwazi wenye kizingiti. Leseni huria tulizozitaja hazina neno la kukieleza kizingiti hicho.

Historia ya uandishi wa pwani hii inathibitisha uzito wa suala la jina. H. E. Lambert alipochapisha vitabu vyake juu ya Chivumba (1957) na Chichifundi (1958), jina la kitabuni lilikuwa lake. Kamusi ya Kidigo iitwayo Mgombato (2004) ilitoka kwa majina manne, Mwalonya na Zimbu wakiwa sambamba na akina Nicolle wawili. Hayo ni maendeleo. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu hujitolea kusoma sentensi za Kiswahili ili kompyuta zijifunze kutambua usemi, sauti hutolewa kwa CC0, na watumiaji hutakiwa wasijaribu kuwatambua wasemaji.

Mtu aweza kusema kwamba hapa tumerudi nyuma ya Lambert. Hukumu hiyo ni ya haraka. Anayesoma sentensi asiyoitunga anachangia lugha, na kufichwa jina lake ni stara. Anayesimulia ngano anachangia sanaa: uteuzi wa maneno, mapumziko, kiitikio, kejeli. Kumfichia jina huyu bila ridhaa yake ni kumpokonya. Kosa linaanza pale sauti ya lugha na sauti ya sanaa zinapowekwa katika kapu moja kwa kuwa kwa mashine zote ni sauti tu.

Suala hili linatugusa moja kwa moja, sisi tunaopeleka wanafunzi Kwale na kisha kuziweka tasnifu zao, pamoja na viambatisho vya nyimbo na ngano, katika hazina za kidijitali za vyuo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inadai ridhaa ya jamii itolewe kabla ya matumizi. Ridhaa hiyo haina budi kuonekana katika matini. Kila simulizi inayowekwa wazi na iandikiwe ubeti wake wa mwisho: jina la fanani iwapo anapenda kutajwa, kijiji, tukio, waliokuwapo, kisichoruhusiwa kurudiwa, na njia ya wenyewe kusahihisha.

Watakuwapo watakaohofu kwamba vizingiti vitaziua lahaja zenye wasemaji wachache kama Chivumba, kwa kuwa kisichosambazwa husahaulika. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, rekodi isiyo na mwenyewe huhifadhi maneno na kupoteza fasihi, kwani mhakiki hawezi kujua ni nani aliyekejeliwa, mbele ya nani, na kwa nini hadhira ilicheka.