Msamaha na Radhi katika Kristin Lavransdatter

Hadithi ndefu zilizotungwa juu ya Wakristo wa zamani ni nyingi, na tangu karne ya kumi na tisa hazijapata kukosa wasomaji. Desturi yake inajulikana. Mtu huonewa, huapa kulipiza kisasi, huzunguka nchi na bahari, kisha karibu na mwisho imani humshukia na moyo wake hulainika. Kumfikisha mtu huyo kwenye msamaha si kazi ngumu kwa mtungaji. Kazi ngumu ni kumlipisha thamani ya msamaha huo, na kwa kipimo hiki hadithi nyingi zilizopendwa sana huonekana nyepesi.

Ben-Hur ya Mmarekani Lew Wallace, iliyotoka mwaka 1880, ni mfano ulio wazi. Judah anasalitiwa na Messala, rafiki yake wa utotoni. Yeye anapelekwa kuvuta makasia katika merikebu ya vita, na mama yake na dada yake wanafungwa gerezani wakapata ukoma humo. Kisasi chatimia mjini Antiokia katika mashindano ya magari ya farasi, ambapo Judah analivunja kwa makusudi gurudumu la adui yake, na Messala anatoka uwanjani hali amekuwa kiwete. Yote hayo hutokea kabla Judah hajajifunza kusamehe. Msomaji hukaribishwa kwanza kwenye karamu ya kisasi, na akisha shiba ndipo huombwa ainamishe kichwa kwa sala.

Quo Vadis ya Mpolandi Henryk Sienkiewicz, ya mwaka 1896, imekwenda mbali zaidi. Chilo, Mgiriki mjanja, alimsaliti mganga Glaukos na kuwauza utumwani mkewe na wanawe. Baadaye anamwona akiteketea juu ya mti katika bustani za Nero, anamlilia amsamehe, na Glaukos anamsamehe kutoka ndani ya moto. Gharama hapo ipo, wala hakuna awezaye kuikana. Lakini ni gharama ya dakika moja, tena ya mtu anayekufa. Glaukos hakulazimika kuamka kesho yake na kunywa maji ya mtungi mmoja na Chilo.

Kesho yake hiyo ndiyo aliyoitunga Sigrid Undset. Alizaliwa Kalundborg, Denmark, mwaka 1882, akakulia katika mji mkuu wa Norwei. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, akafa binti yake akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Juzuu tatu za Kristin Lavransdatter zilitoka mwaka 1920, 1921 na 1922, na tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1928. Yafaa ikumbukwe kwamba aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1924, yaani miaka miwili baada ya juzuu ya mwisho. Basi wanaokisoma kitabu hiki kama mahubiri ya mwongofu wanakosea tarehe, na pengine wanakosea zaidi ya tarehe.

Kisa chake ni cha Norwei ya nusu ya kwanza ya karne ya kumi na nne. Kristin, binti mpendwa wa Lavrans wa Jørundgård, ameposwa na Simon Andressøn, mtu mwema asiye na makuu. Akiwa katika nyumba ya watawa mjini Oslo anampenda Erlend Nikulaussøn, ambaye alikwisha kutengwa na Kanisa kwa kukaa na mke wa mtu. Anamlazimisha baba yake akubali, na siku ya arusi anavaa taji la mabikira hali ana mimba.

Mtungaji wa kawaida angalimaliza juzuu ya kwanza kwa aibu ya binti. Undset anawageukia wazazi. Usiku ule ule wa arusi Ragnfrid, mama wa Kristin, anamwambia mumewe kwamba yeye naye hakuwa bikira alipoolewa. Wamezaa na kuzika watoto pamoja, wamezeeka katika nyumba moja, na siku zote hizo neno hilo lilikuwa limelala kati yao. Lavrans hana hotuba ya kutoa. Anaupokea msiba huo kama mtu anayetwikwa mzigo gizani, asiyejua bado uzito wake. Hapana ukurasa katika hadithi za aina hii unaoupita huo kwa ukweli.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa, msamaha na radhi. Aliyekosa husamehewa, na hesabu ikafutwa. Radhi ni ya mzazi kwa mwana. Yaweza kukosekana hata pale ambapo hesabu imefutwa zamani, na aliyeikosa hutembea nayo kama kivuli. Kristin anasamehewa mapema sana. Anakwenda kwa miguu hadi Nidaros kwenye kaburi la Mtakatifu Olav, amembeba mwanawe mchanga, na kulitoa lile taji la dhahabu. Kanisa limemsamehe, baba yake pia. Lakini moyoni haamini kwamba ana radhi ya Lavrans, na kwa kuwa haamini, anamtoza mumewe deni hilo. Kila Erlend akosapo, na hukosa sana, anapimwa kwa Lavrans.

Simon, mchumba yule aliyeachwa, ndiye anayehangaika kumwokoa Erlend wakati njama yake dhidi ya mfalme inapofichuka na mali yake kuchukuliwa. Familia inahamia Jørundgård. Hapo, katika ugomvi, Kristin anamwambia mumewe kwamba hastahili kukaa katika kiti cha baba yake. Erlend anaondoka, anakwenda kuishi peke yake Haugen mlimani. Simon akiwa kufani anamwomba Kristin aende wakapatane, naye anakwenda. Wanafurahiana siku chache kama vijana. Kisha yeye hataki kuhamia kibandani, na Erlend hataki kurudi shambani. Wanapendana, wamesameheana, na bado kila mmoja anangoja mwenzake ashuke kwanza. Ni nani aliyeishi katika ndoa asiyemjua mtu wa namna hiyo?

Kifo cha Erlend ndicho kinachoutenga utungaji huu na wenzake. Kristin anasingiziwa uzinzi. Erlend anaitwa na mwanawe, anakuja mbio kumtetea mkewe, na anachomwa katika fujo. Padre wa mtaa yupo, lakini Erlend anakataa kupokea sakramenti mikononi mwake, kwa sababu padre huyo aliusadiki uwongo uliosemwa juu ya Kristin. Anakufa bila kufunguliwa. Je, ni kiburi au ni upendo? Undset hasemi, anamwachia mjane swali hilo, na mjane hana wa kumjibu.

Baada ya kilele hicho kurasa za mwisho zinalegea kidogo. Tauni ya mwaka 1349 inafika, watu waliotishika wanataka kumzika mtoto maskini angali hai kama kafara, na Kristin, ambaye sasa yumo kwa watawa, anamwokoa, kisha anakwenda usiku kuichukua maiti ya mama yake ikazikwe. Tendo ni tukufu, na hapo ndipo penye kasoro: linafanana mno na yale matendo makubwa ambayo hadithi za Kikristo huyatumia kulipa kwa mara moja madeni ya miaka mingi. Mwenye kudai, Erlend, hayupo tena. Lakini mtungaji hakuacha jambo liishe kwa utukufu huo. Kristin, akiugua tauni, anatoa pete yake ya ndoa iwe malipo ya misa. Na anapoivua anaona kwamba kidoleni, mahali ilipokaa miaka yote, imebaki alama ndogo ya herufi M, ya jina la Mariamu, iliyochorwa katika pete ile.